Wa Tatu Kuitwa

Todros aliisubiri Sabato ya laana kwa hamu ambayo wengine huiwekea Pasaka. Yeye ndiye msomaji wa Torati katika sinagogi ya Zabolitz, na ndiye pia anayepanga nani aitwe kusimama kando ya gombo na nani abaki kwenye benchi lake. Kazi hiyo ilimpa maadui wadogo wadogo kila juma. Adui wa kweli alikuwa mmoja tu, Getzel, mfanyabiashara wa mbao, ambaye kwa heshima wote walimwita Reb Getzel.

Kisa chenyewe mji mzima ulikijua. Dvosha, binti pekee wa Todros, alikuwa ameposwa na Elyokum, kijana msomi kutoka mji wa jirani. Sahani ya uchumba ilishavunjwa, kama ilivyo desturi, mito ya manyoya ya bata ilishashonwa. Ndipo Getzel alipomnong'oneza baba wa kijana kwamba msichana ana kifafa, tena yeye mwenyewe amemwona akianguka kando ya kisima, povu likimtoka mdomoni. Uongo mtupu! Dvosha hajaanguka tangu alipojifunza kutembea. Uchumba ukavunjika, na kabla baridi haijaisha Elyokum alikuwa amesimama chini ya chandarua cha harusi na Golda, binti Getzel. Dvosha akabaki na jina la kifafa. Hakuna mshenga aliyegonga mlango wao tena, na wanawake wengine waliacha hata kukaa naye benchi moja.

Na Todros je? Todros alijua mapema tu nani aliyesema. Lakini Getzel ndiye mkuu wa baraza la sinagogi, na msomaji asiyetakiwa na baraza hana mkate. Kwa hiyo Todros alimeza. Alimwambia bintiye avumilie, akaendelea kumwita Getzel kwenye Torati kwa jina lake na la baba yake, kwa sauti tamu, huku roho ikimchoma. Sabato ya laana ya mwaka jana ilimpita bado anaogopa. Mwaka huu hasira ilikuwa imekua kuliko woga.

Laana hizo zimo mwishoni mwa Mambo ya Walawi: homa, njaa, upanga, mbingu za chuma. Humwangukia aitwaye wa tatu, na hakuna anayetaka kuitwa zikisomwa. Msomaji hujiita mwenyewe, huzisoma chini chini na haraka haraka, watu wakitazama viatu vyao, na akishamaliza kila mtu anapumua.

Alhamisi hiyo Todros alikuwa jikoni akipitia fungu la juma. Dvosha alikuwa akikanda unga wa mikate ya Sabato. Mikono yake ikasimama.

"Baba, mbona mwaka huu unazisoma kwa sauti? Unataka kumwamsha paka?"

"Nataka kumwamsha mtu."

"Nani?"

Todros akafunga kitabu kidole kikiwa ndani. "Getzel. Nitamwita yeye. Wa tatu. Nitamkazia macho na nitamsomea neno kwa neno, usoni pake, mpaka jasho limtoke."

"Si majuzi tu ulisoma pale mbele, usilipize kisasi?"

"Marabi wameshaeleza kisasi ni nini," akasema Todros, naye jibu alikuwa nalo tayari. "Nikuombe mundu, uninyime. Kesho wewe uniombe shoka, nikwambie sikupi, kwani jana ulininyima mundu. Hicho ndicho kisasi. Mundu na shoka, mwanangu! Getzel hakuninyima mundu. Na wakasema tena, msomi asiyejua kuweka kisasi kama nyoka, huyo si msomi."

Dvosha akacheka, si cheko la furaha. "Wewe nyoka, Baba? Nyoka gani huyo analala mwaka na nusu, kila Sabato anamwita mbaya wake kwa jina zuri?"

Dvosha akarudia unga wake, akaupiga kwa ngumi.

"Na pale mwishoni," akauliza, "panaposema watajikwaa mtu kwa ndugu yake. Wanajikwaaje? Giza?"

"Marabi wanasema si kujikwaa kwenye mguu wa ndugu. Ni kwenye kosa lake. Mtu aliyeweza kumzuia mwenzake asizuie, anaanguka naye. Sisi sote ni wadhamini, mmoja kwa mwingine."

"Sote?"

"Sote."

Dvosha akaufunika unga.

Ijumaa mchana, kwenye hamamu, Todros alimkuta Getzel ameketi ngazi ya juu kabisa, palipo na mvuke mkali, mwekundu na mwenye raha zake.

"Todros! Umeshanoa koo? Kesho unakula laana zako. Kila mwaka unazila peke yako na hunenepi!"

Wanaume wakacheka. Getzel akashuka ngazi moja, akapunguza sauti. "Sikia, ndugu yangu. Golda kajifungua binti, umesikia. Kesho nataka niitwe. Nipe nafasi nzuri, ile ya mwisho, watu wapate kunipongeza."

Binti wa Elyokum na Golda! Mtoto ambaye kwa haki angezaliwa na Dvosha. Todros alihisi mvuke umemwingia mpaka kwenye mifupa.

"Nitakuita, Reb Getzel," akasema. "Nitakupa nafasi inayokufaa."

Siku ya pili sinagogi ilijaa. Gombo likafunguliwa. Akaitwa kwanza kuhani, wa pili Mlawi. Todros akajifuta mikono kwenye shuka lake la sala, akapaza sauti:

"Asimame Reb Getzel mwana wa Reb Mordkhe, wa tatu!"

Benchi zikanong'ona. Getzel alibaki ameketi, mdomo wazi, kama mtu aliyepewa samaki wa chumvi akadhani ni keki. Lakini marabi wamesema, anayeitwa kwenye Torati akakataa anajipunguzia siku zake, na hakuna mwanamume wa Zabolitz aliyewahi kujaribu. Akainuka. Akapanda jukwaani mguu mzito.

"Utanilipa hili," akamnong'oneza Todros.

"Gusa gombo, sema baraka," akajibu Todros. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya harusi yake.

Getzel akaligusa gombo kwa ncha ya shuka. Akafungua mdomo. Ndipo meza ilipopigwa kofi, mara moja, kwa nguvu.

Dvosha alikuwa ameshuka ngazi za roshani ya wanawake na kusimama katikati ya wanaume.

"Nazuia usomaji!" akasema.

Haki hiyo anayo kila aliyedhulumiwa, mwanamume au mwanamke: Torati haisomwi mpaka asikilizwe. Mara ya mwisho aliitumia mjane wa mfua bati, na wazee bado walikuwa wakisimulia. Hili Todros hakulipanga.

Getzel akageuka ashuke. Rabi Hizkil, rabi mzee wa mji, akainua kidole kutoka kitini pake. "Umeitwa, Getzel. Ukishuka, unajua unashuka na nini."

"Basi nisome niondoke!" Getzel akaanza baraka mbio mbio.

"Funga mdomo. Usomaji umezuiwa."

Hapo Getzel akanaswa. Kushuka hawezi, kuendelea hawezi. Akabaki jukwaani, mbele ya mji mzima, ncha ya shuka mkononi.

"Nina swali moja tu," akasema Dvosha. "Reb Getzel, uliniona lini nikianguka?"

"Binti, hapa si mahali pa..."

"Nina muda. Mikate imeshaokwa."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Kwenye benchi la dirishani Elyokum alikuwa amevuta shuka lake likamfunika uso wote. Getzel akamtazama Rabi Hizkil, akawatazama wenzake wa baraza. Hakuna aliyemtazama yeye.

"Sikukuona," akasema hatimaye.

"Sauti. Wanawake huko juu hawasikii."

"Sikumwona akianguka! Nilisema uongo. Nilimtaka kijana kwa ajili ya Golda wangu. Haya, mmeridhika?"

Kutoka roshani mtu akaachia kilio kidogo. Rabi Hizkil akashusha pumzi. "Binti yangu, haki yako umeipata. Mwache akuombe radhi, umsamehe, tuendelee."

"Nisamehe," akasema Getzel, midomo imemkauka.

"Sheria inasema mtu aombe mara tatu," akasema Dvosha. "Hii ni ya kwanza. Nyumbani kwetu unakujua, ulipita mara nyingi kutuangalia kama tumeshahama."

Kisha akawageukia wengine. "Na nyinyi? Mlijua. Kila mmoja wenu alijua, mkala vitafunio vya harusi ya binti yake. Soma, Baba. Usisome chini chini. Na usimtazame yeye peke yake."

Akarudi nyuma mpaka mlangoni, hakupanda juu. Getzel akasema baraka kwa sauti ya mgonjwa. Todros akaanza kusoma kwa sauti yake yote, homa na njaa na upanga, na hakuna aliyethubutu kutazama viatu vyake. Alikuwa ameota kumwona Getzel akitoka jasho, na jasho kweli lilikuwa likimtiririka, lakini raha yote ilikuwa imeshamtoka Todros. Macho ya bintiye yalikuwa juu yake yeye.

Akasoma habari za jani linalopeperushwa likawakimbiza watu. Akafika mstari unaofuata: watajikwaa mtu kwa ndugu yake. Akakoma kusoma. Alizikumbuka Sabato zote zile, jina lile zuri, sauti ile tamu.

Laana zikishaanza hazikatizwi, kila mtu mle ndani aliijua sheria hiyo. Wakangoja. Getzel naye akainua uso, akamtazama.

"Endelea, Baba," akasema Dvosha kutoka mlangoni.