Filamu ya Kwanza

"Mashine hii imekula chumvi nyingi kuliko mimi," Mzee Picha alinung'unika, akiinua filamu mbichi kwenye taa. Maji yalimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mbavu za kitoto cha miezi mitatu zilionekana kama mistari ya penseli iliyofutwa nusu, na mifupa ya mapaja ilionekana kwa taabu, ncha zake zimelikalika. Kwa mtu aliyepiga eksirei miaka ishirini na sita, filamu kama hiyo ilikuwa na maana moja tu: mionzi imezidi. Akaitupa kwenye boksi la filamu mbovu, akapunguza mionzi, akarudi chumbani.

"Tunarudia, mama."

"Kwani hakutabasamu vizuri?" mama wa mtoto alijaribu mzaha. Alikuwa fundi cherehani, na alivyokimbia nyumbani alisahau hata kuvua tepu ya kupimia shingoni. Mtoto alikuwa na wiki ya pili hanyonyi sawasawa, anapumua kwa kukokota, na mzaha huo ndio pekee aliokuwa amebaki nao.

"Alitabasamu. Mashine ndiyo haikuona. Haya, kaa nje kidogo."

Safari hii hakutaka kubahatisha. Aliunyoosha mguu wa mtoto, akaulazia kile kimfuko cha mchanga anachowawekea watoto wote ili wasirushe miguu. Mtoto akapiga yowe. Lakini ni mtoto gani asiyelia chumba kile? Mzee akabonyeza.

Filamu ya pili ilitoka hafifu vilevile, ila paja la kushoto lilikuwa limekatika katikati. Aliitazama mpaka macho yakamuuma. Akajiambia kwamba labda ufa ulikuwepo tangu mwanzo, filamu ya kwanza haikuuonyesha tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na woga ulimshika. Akaipeleka filamu kwa daktari na kuondoka bila neno.

Saa moja baadaye, akipita koridoni, alimsikia daktari nyuma ya mlango ulioachwa wazi.

"Mama, paja la mtoto wa miezi mitatu halivunjiki lenyewe. Nyumbani anakaa na nani?"

"Na mimi na baba yake."

"Baba yake ana hasira?"

"Baba yake? Hata kumkata kucha anaogopa!" Sauti ya mama ilipanda. "Dokta, mimi nimemleta kwa kifua. Mguu huo asubuhi alikuwa anaurusha."

"Nimeshawaita watu wa ustawi wa jamii. Mpaka wamalize kazi yao, mtoto atakaa na muuguzi. Wewe utasubiri nje."

Mama alilia kilio ambacho Mzee Picha hakuweza kukizoea. Alirudi chumba cha giza, akapiga magoti mbele ya boksi na kuanza kupekua. Filamu ya kwanza ilikuwa bado na unyevu, imegandana na filamu ya goti la mtu mwingine. Akaibandua taratibu, akaiweka kwenye taa. Paja lilikuwa hafifu, lakini zima. Angeweza kuikunja akaitia mfukoni, na hakuna ambaye angejua.

Aliingia kwa daktari bila kubisha.

"Dokta, hii ni ya saa tatu. Hii ni ya saa tatu na robo. Katikati hapakuwa na baba wala mama. Nilikuwepo mimi, na kimfuko cha mchanga."

Mama, aliyekuwa bado hajatoka, aliacha kulia, akamkodolea macho.

Daktari alizishika filamu mbili dirishani. "Kimfuko kizito kiasi gani?"

"Hata kilo hakifiki."

"Kitu cha chini ya kilo hakivunji paja." Akasogeza filamu karibu zaidi. "Mzee, hebu kapige picha mkono wako mwenyewe. Usibadilishe kitu chochote kwenye mashine."

Mkono wa mzee ulitoka na mifupa myeupe pe, kila kiungo mahali pake. Mashine haikuwa na kosa; mifupa ya mtoto ndiyo iliyokuwa hafifu.

Majibu ya damu yalikuja baada ya siku mbili. Watu wa ustawi walikuwa wamekwisha kuambiwa wasije.

"Kuna kimeng'enya mwilini kinachosaidia madini kushika kwenye mfupa," daktari aliwaeleza wazazi. "Kwa mtoto wenu karibu hakipo. Kila mmoja wenu amebeba kasoro moja bila kujua, ndiyo maana ninyi ni wazima. Yeye amezirithi zote mbili."

"Na yale matone ya vitamini tuliyokuwa tunampa?" baba aliuliza.

"Hata mngempa pipa zima. Madini yamejaa kwenye damu, kwenye mfupa ndiko hayakai."

"Dawa?"

"Ipo, ila mbali. Nimeandika kuiomba. Lakini mbavu zake ni laini mno, haziwezi kuibeba pumzi. Sijui kama dawa itawahi."

Mzee Picha alikwenda wodini mchana huo. Mtoto alilazwa juu ya mto, mguu umefungwa, na kila pumzi iliuzamisha ubavu wake ndani.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Juzi nilikuchukia," mama alisema bila kugeuka. "Leo sina nguvu." Akavuta shuka safi kutoka kabatini. "Muuguzi katoka. Ninyanyulie mto, nibadilishe."

"Mimi?"

"Wewe. Wengine wameambiwa tu kwamba anavunjika; wewe umeshaona."

Mzee alipenyeza viganja vyote viwili chini ya mto, akauinua kimo cha vidole viwili. Mtoto alifumbua macho, akamtazama. Mama alivuta shuka la zamani, akatandika jipya, akalainisha mikunjo. Shuka lilikuwa limeshanyooka, lakini aliendelea kulipapasa kutoka kona hadi kona, na mzee akaendelea kuushikilia mto juu.