Karo Juu ya Karo kwa Mama Mukwe

Nizigama, fundi wa karo, vile vigae vya ukutani, hakuogopa ukuta wowote kuanzia Kavimvira hadi Kalundu. Aliogopa mtu mmoja tu: Bernardine, mama wa mchumba wake Noella. Na alikuwa na sababu, jamani. Siku kumi zilibaki kufika harusi, na Bernardine alikuwa amekwisha kumfukuza mchumba wa binti yake mkubwa, kijana wa Bwegera, kwa kuwa alithubutu kumwambia uso kwa uso kwamba wali wake una mawe. "Mukwe wa kunibishia simutaki," alisema, na mambo yakaishia hapo.

Bernardine alizaliwa bonde la Ruzizi, na desturi za bibi zake alizishika kama rozari. Mukwe wa kiume hamtazami mama mukwe machoni, hali mbele yake, wala hasemi naye moja kwa moja; maneno yapitie kwa mtu wa katikati. Vijana wa leo wanacheka. Haya, wacheke, si wao wanaooa kwa Bernardine.

Sasa mama huyohuyo akataka dushi yake, chumba cha kuogea, ipate karo mpya nyeupe kabla wageni hawajafika. Fundi wa kutafuta mbali wa nini, na mukwe yupo? Taabu ni kwamba siku ile Noella alikuwa shuleni anafundisha, na nyumbani hapakuwa na mtu wa katikati. Palikuwa na mbuzi.

Nizigama aligonga ukuta kwa kidole. Karo iliyoshika vizuri hujibu ko. Hizi za zamani, za rangi ya waridi, zilijibu buu, buu, kama debe tupu. Kubandika mpya juu yake ni kumtwisha mgonjwa gunia la mihogo.

Akatoka uani, akamwinamia mbuzi. "Mbuzi, tafadhali, umuambie mama hizi karo hazishike. Tuzibomoe kwanza."

Bernardine alikuwa amekaa kwenye kiti, hatua tatu tu kutoka pale. Akatazama paa la jirani. "Mbuzi, umuambie mukwe, hizi karo marehemu bwana yangu alizibandika na mikono yake. Hakuna mutu atazibomoa. Abandike juu."

"Mbuzi, umuambie mama ukuta utaanguka."

"Mbuzi, umuulize mukwe kama iko ananibishia."

Mbuzi akatafuna. Nizigama akamkumbuka yule kijana wa Bwegera. "Umuambie hapana. Nitabandika." Funika kombe mwanaharamu apite! Fundi mzima, na nyundo yake mkononi, akajidanganya hivyo.

Akapaka gundi, akabandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kufika wa saba, ukuta ukatoa pumzi. Kweli tupu: fff! Kisha karo zote, mpya na kuukuu, zikaanza kumlalia. Akazipokea kwa kifua, mikono miwili na shavu.

"Mbuzi!" akapiga kelele. "Umuambie mama, ukuta iko naanguka! Akuje!"

"Mbuzi, umuambie mukwe, minye siwezi kuingia mu dushi pamoja naye! Ni mwiko!"

"Mbuzi, umuambie nakufa!"

Mbuzi alikuwa amekata kamba na kwenda kula maua ya jirani. Nizigama, kwa jicho moja, akaiona kamba tupu uani.

"Mama Bernardine!" akaita. "Si mbuzi! Ni weye naita!"

Basi, ameshasema. Harusi kwaheri, akawaza, na machozi yakamlenga palepale kwenye vumbi.

Viatu vikaja mbio. Bernardine akaingia, akageuza uso pembeni, akaukinga ukuta kwa mgongo wake wote, na mgongo ule haukuwa mdogo. Wakasimama bega kwa bega, kila mmoja akitazama kona yake.

"Ulijua?" Bernardine akauliza, safari hii akimuuliza mukwe mwenyewe, si mbuzi.

"Nilijua, mama."

"Na minye nilijua." Sauti ikashuka. "Miaka kumi na ine, kila nikioga nasikia zinalia. Sikumuambia bwana yangu, juu alikuwa anajivuna nazo mbele ya watu. Akakufa anaamini yeye iko fundi."

Nizigama alimwonea huruma kuliko alivyomwogopa.

"Sasa tufanye nini?" akauliza mama.

"Tuziachie. Tuhesabu tatu, turuke."

Wakahesabu, wakaruka, na ukuta ukashuka kwa kishindo kilichowatoa majirani nje. Wakabaki mlangoni, weupe kwa vumbi kama wasaga unga. Bernardine akaokota kipande kimoja cha waridi, akakipangusa kwa kitenge, akalia kidogo. Kisha akacheka mpaka akashika mlango asianguke.

Halafu akamgeukia Nizigama, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu amjue.

"Sikia, mwanangu. Noella anatiaka chumvi mingi mu sombe, mu majani ya mihogo, haikulike. Minye nimemunyamazia tangu utoto. Mukiisha kuoana, weye utamuambia."