Mkono Ndani ya Kiatu

Tangu tumzike baba, mama alikuwa hacheki. Kiwandani alifanya kazi yake kimya: kuingiza mkono ndani ya kila kiatu kabla hakijatiwa kwenye boksi, apapase kama kuna uzi mgumu au ncha ya msumari. Nyumbani alianza kusema ataacha kazi, ajifungie chumbani kwake apumzike. Niliogopa. Nilishampoteza mzazi mmoja.

Mimi niko hapohapo kiwandani, upande wa matangazo. Tulipopanga kugawa viatu kwenye kituo cha watoto yatima, nilimng'ang'ania mama mpaka akaja. Sijitii utakatifu: bosi alitaka picha zenye nembo ya kiwanda, nami nilitaka kumtoa mama ndani.

Basi akanitia wazimu. Viatu vilikuwa vimeshakaguliwa, lakini alipiga magoti mbele ya kila mtoto na kuingiza mkono upya. Foleni ikaganda. Mpiga picha akanung'unika, maana mgongo wa mama uliziba nembo yote.

"Mama, sogea kidogo," nikamwambia.

"Subiri, mwanangu."

Kibinti mwenye pengo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, amemshika mama kichwa asianguke. "Bibi, unatafuta nini humo?"

"Kitu cha kukuchoma."

Mtoto akaanza kumpapasa kichwani, polepole, kilemba chote, uso ameukaza. "Na mimi nakukagua," akasema. "Huna kitu."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikageukia ukutani nikalia, matangazo yakanitoka kichwani.

Bosi alipoiona picha ya mtoto akimkagua mama kichwani, aliuliza nembo iko wapi. Akaikubali shingo upande, na ikatuuzia viatu vingi kuliko mabango yote. Watu walikuja dukani wakiulizia viatu vya yule mama. Wafanyakazi waliokuwa wakikwepa safari kama hizo sasa wanagombania nafasi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ya siku ile nilimwonyesha mama picha ile kwenye simu. Akaitazama weee.

"Nimenenepa mgongo," akasema.

"Na ile habari ya kuacha kazi?"

Akanitazama kana kwamba nimepungukiwa akili. "Yule mtoto kiatu cha kushoto kinambana, ameona haya kusema. Sasa nikiacha, nani atampelekea kingine?"