Mtoto wa Kilo Sitini na Nane

Musoki alipoonyesha programu yake ya simu mbele ya wakubwa wa afya, wote walipiga makofi, hata Eugène, msimamizi wa lishe, aliyekuwa amelala tangu picha ya pili. Muuguzi anampima mtoto, anaandika uzito ndani ya simu, na simu inasema kama mtoto amekonda na anapaswa kupewa pakiti za siagi ya karanga. Baada ya mapigano, barabara ya Bule ilikuwa imetulia wiki tatu. Wakimbizi wengine walikuwa wakirudi Djugu, wengine wakikimbilia Bunia, kila upande ukiona wenzao ni wajinga. Watoto wao walikuwa mifupa.

Wiki ya pili simu ilitangaza kwamba mtaa wa Rwambuzi, pale Bunia, hauna hata mtoto mmoja aliyekonda. Eugène akatia sahihi, makartoni ya siagi ya karanga yakarudishwa depo, ghalani.

Kesho yake Scholastique, mama mdogo wa Musoki, alimfuata nyumbani akiwa na mjukuu mgongoni. Alikataa kiti.

"Musoki, huyu mutoto iko na kilo ngapi?"

Musoki alimpokea mtoto. "Sita. Labda saba."

"Simu yako inasema sitini na nane. Adèle wa kwenye kupima ameniambia nimupunguzie chakula. Nikamwambia, kama iko na kilo sitini na nane, basi yeye ndiye anibebe miye."

Musoki alicheka, kisha akaona uso wa mama yake mdogo, akafungua kompyuta.

Bunia watu huandika kilo kama walivyofundishwa shuleni kwa Kifaransa, kwa mkato: 6,8. Programu ilijua nukta tu, na mwanzoni ilizimika kila ilipokutana na mkato. Musoki aliiamuru itupe chochote kisicho tarakimu, akaenda kula samaki. Ukitupa mkato wa 6,8 unabaki na 68.

Safari hii aliugeuza mkato kuwa nukta. Kwenye simu yake ikasoma vizuri. Akaenda kwenye kituo cha afya kifua mbele.

Adèle, muuguzi, alikuwa na simu aliyoinunua Ariwara, mpakani, iliyotoka Uganda ikiongea Kiingereza. Alimpima mtoto mchanga, ambaye programu inamtaka kwa gramu, akaandika 2850. Simu yenyewe ikaweka mkato baada ya elfu: 2,850. Programu ikasema mtoto hafikishi gramu tatu.

"Hii ni uzito wa kidonge," Adèle alisema. "Nimupe mama yake glasi ya maji?"

"Virgule yenu, mkato huu, ni moja," Musoki alisema, "lakini simu ya Kifaransa inatenga nayo vipande vya kilo, ya Kiingereza inapanga nayo maelfu."

"Basi uulize simu inaongea luga gani mbele ya kuisoma. Mugonjwa akiingia hapa, siye tunaanza na hiyo."

Musoki alikaa kwenye benchi la akina mama akaandika upya: programu iulize lugha ya simu, isome namba kwa desturi ya lugha hiyo, na kama kuna herufi imebaki bila kusomwa, au uzito si wa mtoto, ikatae na kuuliza tena.

Kisha akaenda kukiri kwa Eugène.

"Ripoti imeshaenda Kinshasa," Eugène alisema. "Watauliza watoto walikondaje kwa siku moja."

"Andika nilikosea mimi."

Hiyo ilimfurahisha. Aliandika jina la Musoki mara tatu, bila kosa hata moja la tahajia.

Makartoni yalirudi Alhamisi kwa pikipiki mbili, kartoni moja likikosekana. Eugène alisema ni panya. Musoki na Adèle walianza kuwapima watoto wote upya, mmoja mmoja, Musoki akiwashika ili wasianguke kwenye mizani. Wa ishirini na tatu alimkojolea.

"Kilo ngapi?" Adèle aliuliza.

"Tano, virgule, tisa," Musoki alisema, akisubiri simu nayo iseme hivyo hivyo.