Mama Kona Anaondolewa

Mji wetu ni barabara moja na watu wanaoishi kando yake. Anayekwenda kupanda mlima hana njia nyingine, lazima apite hapa: mabasi ya watalii, magari ya hifadhi, wapagazi waliojazana nyuma ya pikapu na mabegi ya wageni. Mimi nina saluni mkono wa kushoto ukiwa unapanda, na kiti cha kusukia nimekielekeza mlangoni. Kusuka kunataka mikono tu. Macho yana kazi yake nyingine.

Ng'ambo, pale lami inapopinda kidogo, ndipo ulipo mgahawa wa wifi yangu, mke wa kaka yangu. Hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Kona. Jina alilipata zamani, alipokuwa akiwauzia madereva chai ya chupa kwenye kona moja kali kule juu, karibu na geti la hifadhi, kabla hajateremka kujenga hapa. Mbele anapika, nyuma wanalala yeye na kaka, na katikati tunajazana sisi tusio na haraka. Kama una habari na hujaifikisha pale, bado huna habari.

Basi asubuhi moja fundi pancha akavuka barabara bila kuangalia magari. Fundi huyu ulimi wake una upepo kuliko matairi anayojaza, lakini siku hiyo alikuja mdomo umefungwa, na hapo ndipo nilipoacha kichwa cha mteja nusu na kumfuata.

"Mama Kona, kaa chini," alisema.

"Nikae chini, mayai ageuze nani?"

"Kaa kwanza."

Hakukaa. Akakaa fundi. Akaeleza kwamba vijana wanaopima barabara walisimama kwake kujaza upepo, na mkubwa wao, yule wa kofia ya manjano, alikuwa anaongea na simu. "Nimesikia kwa masikio yangu haya. Amesema: 'Mama Kona tunamwondoa wiki hii hii. Amesumbua mabasi vya kutosha. Greda linakuja kesho.'"

Mayai yakaanza kuungua kwenye kikaango.

"Nimesumbua mabasi, mimi?" wifi aliuliza. "Madereva wote hao wanakula kwangu! Nani kalalamika? Mtajeni!"

Tukatoka nje kuangalia. Kweli, mbele ya mgahawa, ukingoni mwa lami, kulikuwa na vigingi viwili vyenye vichwa vyekundu ambavyo jana havikuwepo. Nani tena angebisha? Wale wapimaji walishapanda zao juu. Kaka alikuwa mlimani na wageni, huko simu ni pambo tu la mfukoni. Mkubwa wa mtaa tulipomfuata alisema hana taarifa yoyote, na sisi tunavyomjua, hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Mama Kona alirudi ndani, akavua aproni, akaikunja vizuri. "Nyumba wataichukua," alisema. "Mabati yangu watayakosa. Niitieni seremala."

Kufika mchana mgahawa ulikuwa umebaki kuta, juu mawingu. Majirani nao, Mungu awabariki, walijitokeza kusaidia. Muuza matunda alijitolea kutunza friji. "Mpaka utulie, dada," alisema kwa huruma, huku mapapai yake yameshapangwa ndani. Seremala alisema mabati yatakaa salama kwake, na kila bati alilolishusha alilipima kwa jicho kama mtu anayejua banda lake lina upungufu gani. Mimi nilichukua benchi refu. Ndugu ni ndugu.

Jioni wifi alivuka akaja kuketi kwenye kiti changu.

"Nisuke."

"Leo, wifi? Na yote haya?"

"Leo hasa. Wakija kunitoa, wasinione kama nimechanganyikiwa."

Nikaanza kusuka. Kawaida yake kichwa chake hakitulii, anageuka kila gari linapopita. Jioni ile aliinama tu.

"Kujenga nitajenga," alisema baadaye. "Kiwanja kingine hakikosekani. Lakini nyie mtavuka barabara gani kuja kunipigia kelele? Nitapikia nani, wifi?"

Nilikuwa na jibu, ila nilikuwa nimeuma kitana kwa meno. Afadhali ilikuwa hivyo.

Kesho yake greda lilikuja kweli. Tulilisikia kabla ya kuliona, vioo vya saluni vikacheza. Mji mzima ulipanga mstari kando ya barabara. Mama Kona aliweka kiti mlangoni kwake, akakaa na nywele zake mpya, mikono kifuani, macho kwenye lile dude la manjano. Likakaribia. Dereva alipoona umati wote ule, nadhani alidhani tumekuja kumpokea, maana alitoa mkono dirishani akatupungia. Akapita. Akapanda zake mlima.

"Amepitiliza," seremala alisema.

"Anakwenda kugeuza," alisema fundi pancha. "Dude kama lile haligeuzi popote tu."

Tukasubiri ageuze. Jua likatuhamisha upande wa pili wa barabara, bado tunasubiri. Badala ya greda ikateremka pikapu ya wapagazi, na kaka akaruka chini, vumbi mpaka kope, begi mgongoni. Akaiangalia nyumba yake. Akatuangalia sisi.

"Nimekwenda mlimani kubeba mizigo ya watu," alisema polepole, "narudi nakuta yangu iko barabarani. Paa liko wapi?"

"Kwa seremala," tukamjibu.

"Friji?"

"Kwa muuza matunda."

"Na mke wangu mmempa nani?"

Wifi, ambaye tangu jana hakutoa hata chozi, akalia hapo hapo. "Mume wangu, wanatuvunjia. Mama Kona anaondolewa."

Kaka akatua begi. "Mama Kona? Si ndiyo nimeiacha sasa hivi inatafunwa na greda huko juu?"

"Umeiacha nani?"

"Kona! Ile kona yako ya zamani, karibu na geti. Madereva mpaka leo wanaiita Mama Kona. Basi refu likifika pale lazima lirudi nyuma, liende mbele, lirudi tena, wageni wanapiga makelele. Wanainyoosha."

Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea kwa fundi pancha.

"Fundi," nilimwita. "Yule wa kofia alisema 'tunamwondoa' au 'tunaiondoa'?"

Fundi akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Alisema… tunaiondoa."

"Na 'amesumbua'?"

"Alisema imesumbua. Lakini jamani! Kijana mdogo vile, anamtaja mama wa watu kama anataja stuli! Niliona aibu. Nikamsahihishia."

"Ukamsahihishia!"

"Ni heshima tu, Mama Kona."

"Heshima yako imeniondolea paa!"

Aliyeanza kucheka ni Mama Kona mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta, na alipoushika akaupapasa, akaupiga kofi mara mbili kama mtu anayempongeza ng'ombe. Ulikuwa bado wake. Hapo na sisi tukaangua, hata wale tuliokuwa na machozi.

Yule wa kofia ya manjano aliteremka mchana huo huo na njaa yake, akasimama mlangoni akaangalia mawingu. "Mmefunga?" Tukamuuliza kuhusu vigingi. Akashangaa: hapo panasimama kibao cha hifadhi, cha kuwaonyesha wageni umbali uliobaki mpaka getini.

"Kisinizibie mlango," wifi alisema.

"Tutakisogeza, mama."

"Umemsikia?" alimwuliza fundi. "Ameniita mama. Adabu anayo."

Friji lilirudi likinukia mapapai. Mabati yalirudi yote, ingawa mawili yalihitaji kukumbushwa. Benchi nililibeba mwenyewe, japo saluni ilikuwa imeshalizoea. Fundi pancha alihukumiwa kushika ngazi mpaka msumari wa mwisho, na matone ya kwanza ya mvua yalidondoka juu ya bati la mwisho, sisi sote tukiwa chini yake tunagombania viti.

Mwisho wa wiki, mvua bado inanyesha, dereva mmoja wa basi aliingia kujifuta maji. "Mama Kona! Leo nimepanda mpaka getini bila kurudi nyuma hata mara moja. Kona haipo tena. Sasa tukuiteje?"

Wifi alikuwa anageuza mayai, hakuinua hata kichwa.

"Niiteni hivyo hivyo. Iliyonyooshwa ni ile."