Kifaa Alichokichagua Rowan

Kocha wa raga alitangaza, kwa uso wa mtu asomaye wosia, kwamba kila mchezaji anayelala bweni avae kifaa cha kupima usingizi na moyo. Aina achague mwenyewe. Taarifa zitamfikia kocha, na wazazi pia.

Ndiyo maana Jumamosi ile Rowan Kearney alikuwa dukani mjini Toowoomba, Australia, na mama yake, aliyeendesha gari tangu jana kutoka shamba lao la ng'ombe huko magharibi. Tevita, jirani yake wa kitanda bwenini, alijialika awe mshauri.

"Chukua hii pete ya kupima usingizi, bwana harusi. Mke tutakutafutia."

"Nyamaza, we! Kwako haitaingia hata kidole kidogo cha mguu."

Mama aliushika mkanda mwembamba wa kitambaa, wa kuvaa mkononi. "Huu unakaa na chaji wiki nzima, mwanangu. Asubuhi mimi na baba yako tukinywa chai, tunaona ulivyolala. Itakuwa kama uko chumba cha pili."

Tangu aingie bweni Januari, kila Jumapili kwenye simu, Rowan alimwapia mama kwamba analala kama gogo. Ukweli ni kwamba alikesha akiikodolea macho dari, huku wavulana thelathini wakikoroma kwa raha zao. Mama akijua, naye hatalala. Na mtoto mwingine wa kumliwaza hana.

"Nataka ile," akasema, akionyesha saa kubwa kama kifuniko cha sufuria.

Muuzaji, mtu mkweli kupita faida yake, akakohoa. "Chaji yake haimalizi siku, kijana. Itabidi uivue usiku uichaji. Usingizi haitaupima."

"Hiyo hiyo."

Tevita akaangua kicheko, kisha akakikata ghafla na kuanza kukagua viatu vyake. Mama akamtazama Tevita, akamtazama mwanawe, akalipa. Muuzaji akaiunganisha saa na simu ya mama.

Nje ya lango la shule mama akauliza, "Unalala, baba?"

"Kama gogo. Nenda, mama, giza likiingia kangaruu watajaa barabarani."

Akamkumbatia, akaondoka. Rowan akabaki akipunga mkono wenye saa. Ndipo alipoona namba za mapigo zinapanda kwenye kioo cha saa. Usiku alikuwa ameuficha vizuri. Moyo wa mchana hakuufikiria kabisa. Ulikuwa unakwenda mbio, na mbio zile zilikuwa zinafika kwenye simu ya mama.

Mbele kidogo gari la mama likasimama kando ya barabara. Taa zake nyekundu za breki zikawaka muda mrefu.

Kisha likaendelea na safari.