Kibanda Kilichobaki na Alama Nyekundu

"Wewe ndiwe uliyewaambia wasinipake, Mama Debra. Usinizungushe."

Mwanasiti alisema hivyo akiwa mlangoni pa kibanda chake cha mahamri, na sisi wateja tukaacha kutafuna. Waithera, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Debra kwa jina la bintiye, alikuwa kibanda cha pili akikata sukuma wiki. Hakuinua uso. Alijibu tu kwamba ana wateja, na kwamba mtu akitaka kugombana aende kwa waliomkosea.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa rangi. Wiki iliyotangulia walikuja vijana na mkebe wa rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye kila kibanda cha upande ule wa Dagoretti Corner, kuanzia kwa Wachira kinyozi hadi kwa Syokau wa makaa. Ukiwauliza wametumwa na nani, wanakwambia ofisi. Ofisi gani? Ofisi. Barabara itapanuliwa, wakasema, na vyenye X vitavunjwa. Lakini lile ghorofa jipya la nyuma yetu, lililomeza njia ya miguu na nusu ya mtaro, halikupigwa X hata ndogo. Mwenye ghorofa ana watu wa kumpigia simu. Mwenye mahamri ana mahamri.

Halafu Ijumaa ikaja kampuni ya sabuni. Hao mnawajua. Wanakupakia kibanda rangi yao bure, mbele na ubavuni, wanachora sabuni kubwa kuliko mlango, na wewe unageuka bango lao bila kulipwa. Siku nyingine tungewasema. Ijumaa ile tuliwapenda kama wakwe, kwa sababu kila walipopitisha brashi, X ilizama chini ya buluu. Wachira alicheka hadi akakaa chini. Mwanasiti hakuwepo, alikuwa ameteremka mjini kwa sala ya Ijumaa. Aliporudi alikuta vibanda vyote vimekuwa vya buluu isipokuwa chake, cheupe vilevile, na X imekaa kifuani kama kidonda.

Asubuhi hiyo ya ugomvi habari zilikuwa zimeshafika: lori la wavunjaji limeonekana Adams Arcade, linakuja huku.

"Nijibu," Mwanasiti alisema. "Waliuliza kama wanipake, ukasema nini?"

Waithera aliweka kisu chini. Akasema ni kweli waliuliza, na ni kweli aliwakataza. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha juu ya dirisha la Mwanasiti, mahali ambapo kaka yake Sadiq alikuwa ameandika Bismillahi kwa herufi za kijani.

"Mimi niliona hiyo ni jina ya Mungu. Nikawaambia hapo msichoree watu sabuni. Ungerudi upate nimeacha wafute, ungenisema nini?"

Nilidhani Mwanasiti atalainika. Wapi.

"Wangefuta, mimi ningeandika tena," alisema. "Kibanda kikianguka nitaandika wapi, Mama Debra? Hewani? Mwanangu Amin na wadogo zake nitawalisha herufi?"

Hapo ndipo lori lilipoingia.

Msimamizi wao alikuwa mtu mnene aitwaye Ogutu, mpole wa sauti, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Alitembea mstari mzima kama mtu anayenunua ng'ombe, akafika kwa Mwanasiti, akamwambia atoe vyombo. Mwanasiti akamweleza kwamba vibanda vyote vilikuwa na alama, aulize yeyote. Ogutu akatugeukia, akauliza kwa adabu kama ni kweli.

Ungeona watu walivyopata kazi ghafla. Wachira alianza kufagia nywele zisizokuwepo. Syokau aliingia ndani ya makaa yake kama panya. Watu waliokula mahamri kwa mama huyu miaka nenda miaka rudi, aliowawekea yale ya mwisho kando wakichelewa, walitazama lami. Ogutu akasema yeye ametumwa penye X, na macho yake yanaona X moja. Vijana wake wakapanda juu, bati la kwanza likalia.

Waithera akatoka na kisu chake cha sukuma. Kijana mmoja aliruka nyuma akidhani anachomwa. Lakini Mama Debra alikwenda kwenye ukuta wake mwenyewe, akaanza kukwangua. Rangi ya kampuni ilikuwa maji matupu. Ikabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, na chini yake mkono mmoja wa X ukatokea, kisha wa pili.

Wachira alimwita kwa sauti ya chini, akimsihi aache, kwamba anawaponza wote.

"Wewe kaa na rangi yako," Waithera alimjibu bila kugeuka. Kisha akamwambia Ogutu, "Si ulisema macho yako inaona moja? Haya, hesabu tena. Na ukimaliza kwangu, nitakukwangulia ya kinyozi."

Mafundi wa magari wa gereji ya ng'ambo walikuwa wameshavuka barabara na spana zao mkononi, wamesimama tu. Ogutu alitazama kuta za buluu, akatazama ghorofa nyuma yake, nami naapa alikuwa analiona kwa mara ya kwanza. Akapiga simu. Akasikiliza sana, akasema ndiyo mkubwa, ndiyo mkubwa. Akawashusha vijana. Watarudi Jumatatu na tingatinga, alisema, na watamaliza mstari wote bila kuuliza rangi.

Lori lilipoondoka, Wachira alianza kulaumu, na Syokau akatoka kumsaidia. Walimwambia Waithera kwamba amewauza. Yeye alisimama mbele ya ukuta wake uliochubuka, akipangusa rangi kwenye kisu chake.

Mwanasiti alirudisha bati mahali pake, akaliwekea jiwe. Akafuta mikono kwa leso.

"Bado nimekukasirikia," alimwambia Waithera, kwa sauti ya kusikika hadi kwa kinyozi. "Ningekuwa wa buluu sasa hivi nimelala usingizi. Hebu achana na hao. Ingia ndani tule."